Tuvalu: Udola Umekingwa, Wakazi Je?

Tarehe 18 Julai 2025 dirisha la kujiandikisha lilifungwa. Tangu tarehe 16 Juni raia wa Tuvalu walikuwa wakilipa ada ya dola 25 za Australia ili majina yao yaingizwe kwenye bahati nasibu ya viza 280 za kuhamia Australia. Majina yalipohesabiwa, pamoja na wenzi na watoto wa waombaji, yalifika 8,750. Nchi nzima ina watu wasiozidi 11,000.

Siku tano baadaye, tarehe 23 Julai, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko The Hague ilitoa maoni yake ya ushauri kuhusu wajibu wa mataifa katika mabadiliko ya tabianchi. Humo majaji walisema kwamba dola, yaani nchi huru, ikishaundwa, kutoweka kwa mojawapo ya vigezo vyake hakulazimu hadhi yake ya dola ipotee.

Kisa chote cha Tuvalu kimo katika siku hizo tano. Kwenye karatasi za sheria nchi hii inazidi kuimarika, na papo hapo wengi wa raia wake wameomba mlango wa kutokea. Kwa miaka mingi watu wameuliza Tuvalu itazama mwaka gani. Naona swali hilo limetupotezea muda, kwa sababu kitakachokwisha kwanza si ardhi. Ni uwezo wa watu kuishi juu ya ardhi hiyo: kunywa maji yake, kulima, kujenga, kuzika wafu wao bila kuhofia bahari. Sheria ya kimataifa imeshughulika sana na kitu cha mwisho kupotea, ikakigusa kidogo mno kitu cha kwanza.

Ardhi yenyewe

Tuvalu ni visiwa vikuu tisa vya Pasifiki, kati ya Hawaii na Australia, vyenye jumla ya kilomita za mraba 26. Sehemu yake ya juu kabisa haifiki mita tano kutoka usawa wa bahari. Zaidi ya nusu ya watu wanaishi Funafuti, mji mkuu, uliokaa juu ya utepe mwembamba wa ardhi kwenye pete ya matumbawe. Upande mmoja ni bahari kuu inayopiga, upande wa pili ni maji tulivu yaliyozungukwa na pete. Kuna mahali ambapo barabara inachukua karibu upana wote wa kisiwa. Katikati ya mji ipo njia ya ndege iliyojengwa na jeshi la Marekani mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Matumbawe ya kuijenga yalichimbwa hapo hapo kisiwani, na mashimo yaliyobaki yakatuama maji ya chumvi na takataka hadi yalipofukiwa mwaka 2015 kwa msaada wa New Zealand. Yaani kabla bahari haijaanza kudai kipande chake, sehemu ya ardhi hii finyu ilikwisha kuharibiwa na vita vya watu wengine.

Kinachoitofautisha nchi ya matumbawe na pwani nyingine yenye ardhi ya chini ni kwamba msingi wake una matundu. Bamvua kubwa za mwanzo wa mwaka zinapofika, maji hayangoji kuuruka ufuo. Yanapenya chini kwa chini na kuchomoza katikati ya kisiwa, uani kwa watu na kandokando ya njia ya ndege, hata siku isiyo na upepo. Ukuta wa pwani unaweza kuzuia mawimbi, lakini haya yanayotoka ardhini haujui la kuyafanya.

Mwaka 2023 wanasayansi wa NASA walieleza kwamba bahari ya Tuvalu ilikuwa imepanda kwa karibu sentimita 15 katika miaka 30 iliyotangulia, kasi ya kiasi cha milimita 5 kwa mwaka, inayozidi wastani wa dunia. Walikadiria kuwa kufikia 2050 sehemu kubwa ya ardhi, pamoja na miundombinu muhimu iliyo juu yake, itakuwa chini ya kiwango cha wastani cha maji kujaa. Kwa dunia nzima, ripoti ya mwaka 2021 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, ilionyesha kwamba bahari ilipanda kwa sentimita 20 kati ya 1901 na 2018. Kufikia 2100 huenda ikaongezeka kati ya sentimita 28 na 55 gesi chafu zikipunguzwa kwa haraka sana, au kati ya sentimita 63 na mita moja zikiachwa zizidi. Sababu kuu ni mbili: maji ya bahari yanatanuka yakipata joto, na barafu ya nchi kavu, ya milimani na ya Greenland na Antaktika, inayeyuka na kuingia baharini.

Sasa kuna jambo ambalo watetezi wengi wa visiwa hupenda kulipita kimya, nami sioni sababu ya kulificha. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Paul Kench walichapisha matokeo ya kulinganisha picha za angani na za setilaiti za visiwa vidogo 101 vinavyounda Tuvalu. Kati ya 1971 na 2014 eneo la ardhi lilikuwa limeongezeka kwa asilimia 2.9. Vingi vilikuwa vimepanuka, kwa sababu mawimbi humomonyoa mchanga na vifusi vya matumbawe upande mmoja na kuvirundika upande mwingine. Kisiwa cha namna hii kinasogea na kubadilika umbo, hakikai tu kikisubiri kufunikwa. Wanaokana mabadiliko ya tabianchi walilidaka hilo kwa furaha, na hapo ndipo walipokosea. Mchanga unaorundikwa na dhoruba haukupi maji ya kunywa. Isitoshe, wimbi linalokijenga kisiwa ndilo hilo hilo linalopita juu ya nyumba na mashamba yaliyopo. Mtu anaweza kuwa na ardhi kubwa kuliko ya babu yake na bado akashindwa kuishi juu yake.

Maji ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Tuvalu haina mto hata mmoja. Watu hutegemea mvua inayokingwa kwenye mapaa na kuhifadhiwa matangini. Chini ya ardhi kuna tabaka jembamba la maji baridi linaloelea juu ya maji ya chumvi, na hilo ndilo lililowawezesha wazee kulima pulaka, jamii ya magimbi makubwa, ndani ya mashimo yaliyochimbwa hadi kuyafikia maji hayo. Chumvi ikipenya, shimo lililotunzwa na ukoo kwa vizazi linaoza. Mwaka 2011 mvua zilikatika kwa miezi, serikali ikatangaza hali ya hatari, na mitambo ya kuondoa chumvi ikaletwa kwa ndege kutoka nje. Machi 2015 kimbunga Pam kilichoipiga Vanuatu hakikupita hata juu ya Tuvalu, lakini mawimbi yake yaliwahamisha karibu nusu ya watu kutoka makwao. Visiwa havikuzama mwaka huo. Kilichoonekana ni jinsi maisha ya kisiwani yanavyoweza kusimama huku kisiwa chenyewe kipo.

Ngome ya karatasi

Kwa upande wa sheria, nchi hii ndogo imefanya kazi ya kuheshimiwa sana. Mkataba wa Montevideo wa 1933 unataja sifa nne za dola: watu wa kudumu, eneo maalumu, serikali, na uwezo wa kuhusiana na mataifa mengine. Ukiusoma kwa ukali, nchi iliyofunikwa na maji imepungukiwa na sifa ya pili na pengine ya kwanza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 unaongeza tishio lake. Maeneo ya bahari hupimwa kutoka mstari wa maji kupwa, maili 12 za maji ya nchi na maili 200 za eneo la kiuchumi. Mstari huo ukirudi nyuma au ukitoweka, je, bahari nayo inaondoka?

Kwa Tuvalu swali hilo ni la mkate wa kila siku. Kilomita zake 26 za mraba za nchi kavu zinaipa haki juu ya zaidi ya kilomita za mraba 700,000 za bahari, na leseni za meli za kigeni zinazovua jodari humo ndizo tegemeo kubwa la hazina ya serikali.

Basi wakaanza kuziba matundu moja baada ya jingine. Agosti 2021 viongozi wa Jukwaa la Visiwa vya Pasifiki walitangaza kwamba mipaka yao ya bahari, ikishawekwa na kuarifiwa Umoja wa Mataifa, haitapunguzwa kwa sababu ya kupanda kwa bahari. Oktoba mwaka huo Tuvalu na Antigua na Barbuda ziliunda tume ya nchi za visiwa vidogo kuhusu tabianchi na sheria. Tume hiyo iliuliza Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, na Mei 2024 ikajibiwa kwamba gesi zinazopasha dunia joto ni uchafuzi wa bahari ambao mataifa yana wajibu wa kuuzuia. Oktoba 2023 katiba mpya ya Tuvalu ilianza kutumika, ikitamka kwamba dola hiyo itadumu milele hata kama ardhi yake itapotea. Kisha yakaja maoni ya The Hague, ambayo yanasema pia kwamba nchi hailazimiki kubadilisha mistari yake ya baharini iliyokwisha kuwekwa ipasavyo.

Wanasheria wanaounga mkono msimamo huu hukumbusha kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali za Poland na Norway zilikaa London bila kutawala hata kijiji kimoja nyumbani, na bado mataifa mengi yaliendelea kuzitambua nchi zao. Ni hoja nzuri, ila ina shimo. Wapoland na Wanorway walio wengi walibaki nchini mwao, na wote walitarajia siku ya ukombozi. Bahari iliyopanda haisaini mkataba wa kujisalimisha. Zaidi ya hayo, maoni ya ushauri hayamfungi mtu, na maneno ya mahakama yamechaguliwa kwa uangalifu: upotevu "si lazima". Hatimaye nchi huendelea kuwa nchi kwa sababu nyingine zinaendelea kuitambua, na utambuzi ni uamuzi wa kisiasa.

Hata hivyo nakubali kwamba Tuvalu imeshinda sehemu kubwa ya vita hivi. Kinachonitia wasiwasi ni aina ya ushindi wenyewe. Tazama nchi hii inaishi kwa nini: leseni za jodari, malipo ya matumizi ya jina la intaneti la .tv, mfuko wa amana ulioanzishwa 1987 kwa michango ya wafadhili, na misaada. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji mtu aishi Funafuti. Leseni inaweza kutolewa kutoka ofisi ya Suva au Brisbane. Kwa hiyo inawezekana kabisa, kisheria na kihesabu, kuwa na Tuvalu yenye kiti Umoja wa Mataifa, bendera, akaunti ya benki na bahari kubwa, isiyo na mtoto hata mmoja anayezaliwa visiwani. Sheria itaridhika. Mimi siwezi kuiita hali hiyo kuokoka.

Mpango wa kuihamishia nchi kwenye mfumo wa kidijitali, alioutangaza aliyekuwa waziri wa mambo ya nje Simon Kofe mwaka 2022, unahusika hapa kwa kiasi. Kuhifadhi kumbukumbu, ramani na huduma za serikali mahali ambapo mafuriko hayafiki ni jambo la busara kwa nchi yoyote. Lakini nakala ya kisiwa haikai mtu.

Mlango wenye bei

Zile viza 280 zinatokana na mkataba unaoitwa Falepili, neno la Kituvalu lenye maana ya ujirani mwema. Ulitiwa saini Novemba 2023 na mawaziri wakuu Kausea Natano wa Tuvalu na Anthony Albanese wa Australia, ukaanza kutumika tarehe 28 Agosti 2024. Ni wa kwanza wa aina yake. Anayepata viza anakuwa mkazi wa kudumu tangu anapowasili, anaweza kufanya kazi, kusoma na kutibiwa, halazimiki kuwa na ajira kabla ya kwenda, na yuko huru kwenda na kurudi. Australia imekubali humo kwamba udola wa Tuvalu utaendelea licha ya kupanda kwa bahari.

Ili kuona uzito wake, mfikirie Ioane Teitiota wa Kiribati, nchi jirani yenye hali kama hiyo. Aliomba ukimbizi New Zealand kwa sababu ya tabianchi, akakataliwa na kurudishwa kwao mwaka 2015. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unamlinda anayeteswa kwa ajili ya rangi, dini, utaifa, kundi la kijamii au siasa, na bahari haimo. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, katika uamuzi uliotangazwa Januari 2020, haikumpa ushindi, ingawa ilikiri kwamba siku moja hali ya tabianchi inaweza kufanya iwe haramu kumrudisha mtu kwao. Kabla ya Falepili, basi, Mtuvalu hakuwa na haki yoyote ya kudai hifadhi kwa sababu ya tabianchi. Alikuwa na nafasi chache tu za uhamiaji wa kawaida, zikiwemo zile zilizoanzishwa na New Zealand mwaka 2002.

Lakini hesabu ya viza 280 inapaswa kusomwa polepole. Kwa mwaka ni zaidi ya asilimia mbili na nusu ya watu wote. Zikitumika zote na wasirudi wengi, katika miaka kumi zaidi ya robo ya nchi itakuwa ng'ambo. Hata robo hiyo haitaondoka kwa mpangilio. Kompyuta inachagua jina moja hapa na jingine pale: mwalimu wa kisiwa kimoja, nahodha wa kingine, binti aliyekuwa akimtunza bibi yake. Kisiwa chenye watu mia chache hakihitaji kupoteza nusu yao ili shule yake ifungwe. Kinahitaji kupoteza wachache wasiofaa kupotea.

Tuvalu ina historia ya kuhama kwa namna nyingine. Katika miaka ya 1940 watu wa kisiwa cha Vaitupu walinunua kisiwa cha Kioa huko Fiji, na familia kadhaa zikahamia huko pamoja, kama jamii, juu ya ardhi waliyoilipia wenyewe. Jamii hiyo ipo hadi leo, na Vaitupu nako bado kuna watu. Serikali ya Kiribati ilichukua njia inayofanana kwa kiasi ilipokamilisha mwaka 2014 ununuzi wa ardhi ya kilomita za mraba 20 hivi kwenye kisiwa cha Vanua Levu, pia Fiji. Siyo lazima njia hiyo irudiwe ilivyo, ila inaonyesha kwamba watu wanaweza kupata kwao kwa pili bila kutawanywa na bahati nasibu.

Halafu kuna kifungu cha nne. Tuvalu lazima ikubaliane kwanza na Australia kabla ya kuingia katika mpango wowote na nchi au chombo kingine kuhusu usalama na ulinzi, na orodha inagusa polisi, mipaka, usalama wa mitandao, bandari, mawasiliano na nishati. Waziri mkuu wa zamani Enele Sopoaga aliupinga mkataba huu waziwazi. Natano mwenyewe alipoteza kiti chake katika uchaguzi wa Januari 2024, na serikali ya Feleti Teo iliyofuata iliukubali kwa ujumla huku ikieleza mashaka yake juu ya mamlaka ya nchi.

Naelewa hofu ya Australia kuhusu China katika Pasifiki, na najua Tuvalu imebaki miongoni mwa nchi chache zinazoitambua Taiwan. Bado naona ni kosa la kimaadili kuufunga msaada wa tabianchi na kura ya turufu ya kiusalama. Australia ni miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa makaa ya mawe na gesi duniani, wakati mchango wa Tuvalu katika gesi chafu ni mdogo kiasi cha kutoonekana. Aliyechangia kusababisha hasara anapompa aliyeathirika hifadhi kwa sharti la kusimamia bandari na simu zake, neno ujirani linatumika kwa ukarimu mno. Tena mkataba unaruhusu upande wowote kujitoa kwa taarifa ya miezi 12, maana yake ahadi ya udola na mlango wa viza vyote viko juu ya nia njema ya serikali zijazo za Canberra.

Fedha ziende wapi

Ipo kazi moja iliyofanyika Funafuti ambayo haikupata hata sehemu ndogo ya kelele iliyopigwa kuhusu viza. Kwa mradi ulioanza 2017, uliofadhiliwa zaidi na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi kwa dola milioni 36 za Marekani, mchanga ulivutwa kutoka maji ya ndani ya pete ukajazwa ufukweni hadi ikapatikana ardhi mpya yenye urefu wa mita 780 na upana wa mita 100 hivi, iliyoinuliwa kuwa juu ya mawimbi ya dhoruba yanayotarajiwa hata baada ya 2100. Serikali ina mpango mkubwa zaidi wa kupata kilomita za mraba 3.6 za ardhi iliyoinuliwa, pamoja na maji na makazi, na kuwahamishia watu humo kwa awamu.

Hapa ndipo ningeweka fedha kwanza, kabla ya mkutano mwingine wowote wa wanasheria. Kilomita 3.6 ni karibu sehemu moja ya saba ya nchi nzima, na zinatosha kuifanya Funafuti iendelee kuwa mji wakati watu wanaamua, kwa nafasi zao, nani aende na nani abaki. Kasoro zake zipo. Kuchimba mchanga kunaweza kuathiri uvuvi wa ndani. Visiwa vya nje vinaweza kuachwa vijiendee, na wakazi wake wakajikuta wahamiaji ndani ya nchi yao, wakigombea viwanja na wenyeji wa Funafuti ambao ardhi yao ni ya ukoo. Mambo hayo yanahitaji kusuluhishwa na falekaupule, mabaraza ya wazee na watu wa kila kisiwa, kabla mashine hazijafika.

Kuhusu mkataba, marekebisho mawili yanawezekana bila kuuvunja. La kwanza ni kukitenga kifungu cha nne kiwe makubaliano ya peke yake, ili Tuvalu ikikikataa isipoteze viza. La pili ni kuruhusu sehemu ya zile nafasi 280 zigawiwe kwa visiwa badala ya mtu mmoja mmoja, kisiwa chenyewe kikiamua kama kitapeleka familia zake pamoja, kwa zamu, au kitaziacha nafasi hizo mwaka huo. Australia haitagharimika zaidi hata kwa viza moja.